Milioni Moja ya Timu ya Mtaa: Anunuliwe Nyota, au Watakaocheza Naye?

Bonanza likikaribia, kamati ya timu ya kikapu ya mtaa hukaa na kuhesabu. Michango imekusanywa, mwenye duka mmoja karibu na soko la Kihesa, hapa Iringa, ameongeza chochote, na sasa kuna fedha mezani. Mjumbe mmoja anasema yupo kijana Mbeya, mrefu, anafunga atakavyo, tumlete. Mwingine anajibu kwamba mpira tunaofanyia mazoezi umevimba upande mmoja na vijana watatu wanacheza na raba za kuazima. Wote wana hoja. Mimi nasimama na yule wa pili, na sababu zangu ni za hesabu kuliko za huruma.

Wenye timu za NBA kule Marekani wanaumiza kichwa kwa swali hilo hilo, kwa fedha nyingi zaidi. Kila msimu mashabiki wanabishana kama nyota fulani amepewa watu wa kutosha wa kumsaidia. Ubishi huo ukiuleta kwenye mfuko wa mtaani unakuwa rahisi kuukata, kwa sababu mfuko mdogo haufichi kitu. Basi tuchukue milioni moja ya shilingi kwa msimu mzima, namba rahisi kugawa.

NBA ina ukomo wa mishahara. Msimu wa 2023/24 ulikuwa dola milioni 136 kwa timu. Mchezaji anayeanza mkataba mpya, hata awe mkongwe na mkali kiasi gani, kwa kawaida hawezi kuanza kwa zaidi ya asilimia 35 ya ukomo huo. Ukiileta kanuni hiyo Kihesa, nyota anachukua 350,000. Zinabaki 650,000 za wenzake 14, maana kikosi cha NBA ni watu 15. Kila mmoja anabaki na elfu 46 na ushee. Hapo bado unaweza kujenga timu.

Sasa ona walichofanya Phoenix Suns msimu huo. Walikuwa na Devin Booker na Kevin Durant, wakamwongeza Bradley Beal. Mishahara ya hao watatu ilifika dola milioni 130. Katika milioni yetu moja ni kama 960,000 kwa watu watatu, na elfu 40 kwa wengine wote. Kanuni za NBA zinaruhusu kuvuka ukomo kwa njia maalumu, na mwenye timu alilipa kodi kubwa kwa kuvuka, lakini mtu ambaye ameshavuka sana hunyang'anywa nyenzo za usajili: hawezi tena kumchukua mchezaji wa kati kwa bei ya kati. Akabaki anaokota wa mshahara wa chini kabisa. Timu hiyo ilitolewa na Minnesota kwenye raundi ya kwanza, mechi nne kwa sifuri. Msimu uliofuata ilishinda mechi 36, ikapoteza 46, na haikuingia hata kwenye mtoano. Majira ya joto ya 2025 Durant akapelekwa Houston, Beal akalipwa aondoke. Wafungaji watatu hodari, na mpira wa kuchezea ni mmoja.

Oklahoma City Thunder walitumia njia nyingine. Msimu wa 2024/25 ukomo ulikuwa dola milioni 140 na nusu. Nyota wao, Shai Gilgeous-Alexander, alilipwa karibu milioni 36. Wasaidizi wake wawili wakubwa, Jalen Williams na Chet Holmgren, walikuwa bado kwenye mikataba yao ya kwanza, ile ya bei ya chini, na wote wawili pamoja hawakufika milioni 16. Kwa hesabu yetu ya Kihesa, watatu hao wamekula kama 366,000. Kilichobaki kilimnunua Isaiah Hartenstein, anayeweka mwili wake njiani ili mwenzake apite na kudaka mipira inayorudi kwenye ubao, na kikamlipa Alex Caruso, ambaye hajawahi kuwa mfungaji wa kuogopwa. Kwenye mechi ya saba dhidi ya Denver, Caruso huyo, mfupi kwa Nikola Jokić kwa karibu sentimita 15, ndiye aliyepewa kazi ya kumsumbua Jokić, na aliifanya. Thunder walishinda mechi 68 za msimu wa kawaida, kisha wakachukua ubingwa Juni 2025 kwa kuifunga Indiana kwenye mechi ya saba.

Ila bei hiyo haidumu. Mwezi uliofuata nyota huyo na wasaidizi wake wawili walisaini mikataba mipya minono, na siku si nyingi timu hiyo itakuwa na tatizo la Phoenix mlangoni. Denver walishalionja. Walipochukua ubingwa wa 2023 walikuwa na Bruce Brown akitokea benchi na Kentavious Caldwell-Pope kwenye kikosi cha kwanza. Brown akaondoka kwenda Indiana kwa fedha ambazo Denver hawakuruhusiwa kumlipa, na mwaka mmoja baadaye Caldwell-Pope akaenda Orlando. Jokić hakupungua chochote. Waliopungua ni watu wa kumpumzisha na kumlinda, na ubingwa haukurudi mwaka uliofuata wala ule mwingine.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nyota wanapewa msaada wa kutosha, jibu langu ni kwamba wengi wanapewa msaada wa gharama kubwa ambao si ule wanaouhitaji. Dirk Nowitzki alikuwa nyota pekee wa Dallas mwaka 2011. Alifunga kwa kila namna, lakini hakuwa mlinzi wa chini ya kikapu. Dallas wakampa Tyson Chandler wa kulinda pale, Jason Kidd wa kugawa mipira, Shawn Marion wa kukimbizana na wafungaji wa upande wa pili, Jason Terry wa kufunga yeye anapobanwa. Wakawafunga Miami ya LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh, mechi nne kwa mbili. Upande wa pili mtazame LeBron huyo huyo alipokuwa Cleveland. Mwaka 2007 alifika fainali akafungwa nne kwa sifuri na San Antonio. Msimu wake wa mwisho kabla ya kwenda Miami timu ilishinda mechi 61. Alipoondoka, timu ikashinda 19 tu kati ya 82. Mtu mmoja alikuwa amebeba wote, na kamati iliyoridhika na ushindi 61 haikutaka kuona hivyo.

Sasa turudi kwenye lile pendekezo la kumleta kijana wa Mbeya. Wengi humwita mamluki, nami sina ubaya naye. Anauza kipaji chake na ana haki. Ila orodhesha gharama zake zote, usiishie kwenye posho. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Uyole, Makambako na Mafinga, kwa hiyo kuna nauli ya kuja na kurudi. Kuna pa kulala, maana Juni na Julai Iringa ni baridi na huwezi kumlaza mchezaji kwenye benchi la darasa. Kuna chakula. Anafika Ijumaa jioni, mechi ni Jumamosi, na hajafanya hata zoezi moja na wenzake. Mechi ya kanuni za FIBA ni dakika 40, na mchezaji akifikisha faulo tano anatoka. Mgeni ambaye wenzake hawajui wapi anataka mpira hukimbilia kuufuata kwa nguvu, na faulo huja haraka. Ukimpoteza robo ya tatu, umepoteza pia fedha za robo ya nne.

Chaguo la pili la Kihesa ni mwanachuo. Tuna bahati ya kuwa mtaa wa wanachuo, Chuo Kikuu cha Iringa kiko upande huu huu, na Mkwawa na Ruaha haviko mbali. Mwanachuo hana nauli ya basi la mkoa, analala hosteli au chumba cha kupanga, na mara nyingi ameshafundishwa vizuri sekondari huko alikotoka. Kwa gharama ndogo unaweza kupata mchezaji bora kuliko yule wa Mbeya. Tatizo lake ni kalenda. Chuo kikifungwa anarudi kwao, Mwanza au Arusha, na wiki za mitihani haji mazoezini. Timu iliyojengwa juu ya wanachuo watano huwa haina kikosi likizo ikianza. Mimi ningechukua wawili, wasizidi hapo, na ningeuliza ratiba ya chuo kabla ya kuuliza idadi ya pointi.

Chaguo la tatu ni wale waliopo tayari. Hapa fedha ndogo inafanya kazi kubwa. Kama jozi ya raba za mtumba inapatikana kwa elfu 30, basi 350,000 ya nyota inavisha watu 11. Mpira mzuri mmoja unabadilisha mazoezi ya timu nzima, kwa sababu mpira uliochakaa unafundisha mkono makosa. Mwalimu anayelipwa posho ndogo kila wiki, kwa uhakika, anakupa kitu ambacho hakuna mamluki anayekuja nacho: watu watano wanaojua nani anaenda wapi pasi ikichelewa.

Watu wakisikia habari za kulea vijana wa nyumbani humtaja Hasheem Thabeet, na ni haki kumtaja, kwa sababu ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Kijana wa Dar es Salaam, urefu wa mita 2.21, alianza kikapu akiwa na miaka 15, akafika Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika usajili wote, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tangu hapo watu wengi wamemhukumu kwa majina hayo mawili. Mimi naona swali la haki ni alipewa nini. Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol kwenye nafasi yake. Msimu wa kwanza alicheza wastani wa dakika 13 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya chini kwa muda. Mtu aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alihitaji dakika nyingi za kukosea na mwalimu wa kukaa naye, na timu iliyotaka matokeo haikuwa na subira hiyo. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City, akaendelea kucheza Japani na Taiwan. Kwenye shule za Nyanda za Juu Kusini wapo watoto warefu ambao leo hawajagusa mpira wa kikapu. Posho ya mamluki wa wikiendi moja haiwafikii.

Ligi ya Afrika, BAL, ilipoanza Kigali mwaka 2021, iliweka kanuni kwamba kati ya wachezaji 13 wa timu angalau 9 wawe raia wa nchi ya klabu. Klabu yenye fedha iliweza kununua wageni wanne, basi. Wale tisa ilibidi watoke nyumbani. Kamati ya mtaa inaweza kujiwekea kiwango chake bila kungoja mtu: asiyefanya mazoezi na timu wiki mbili kabla ya mechi asichukue zaidi ya robo ya mfuko, na alipwe nusu kabla, nusu baada ya mchezo.

Na kabla ya kumlipa yeyote, panga mechi ya kirafiki. Mwache nyota acheze robo tatu, kisha mwondoe robo nzima, bila kumwambia mtu mapema. Andika matokeo ya robo hiyo peke yake, na uandike pia kilichokosekana: mfungaji, mtu wa kudaka mipira inayorudi, au mtu wa kuuvusha mpira katikati ya uwanja anapobanwa. Kilichokosekana ndicho cha kununua kwanza.