Kaye ya kilo iko mikononi mwa nani?



Msimu mmoja wa kahawa nilikaa na koperative moja siku ya malipo. Mama mmoja alisema alileta kilo 312 za kahawa nyekundu. Kaye ya mpimaji ilionyesha 312. Kaye ya sekretere ilionyesha 213. Jerani akalipa 213, juu ndiyo karatasi aliyopewa. Hakuna aliyeiba: namba ziligeuka tu wakati wa kunakili, usiku, kwa taa ya telefone. Lakini mama alikosa feza ya kilo 99, na wengine kwenye mustari wakaanza kuuliza: «Na zangu je?» Tulipouliza kaye gani ndiyo ya kweli, hakuna aliyejibu. Hakuna mtu alikuwa amepewa hiyo kazi.

Kilo, majina, feza, namba za telefone, fasi shamba liko: hizi zote ni habari za koperative. Zinaombwa kulindwa sawa vile tunalinda depo. Na depo iko na mwenye funguo.

Kila mtu na kazi yake

Mpimaji anapima mbele ya memba, anasoma kilo kwa sauti, anaandika palepale. Anatoa resi mbili: moja ya memba, moja ya koperative.

Sekretere analinda kaye kubwa na rejista ya wanamemba. Ni yeye peke yake anaandika ndani. Akikosea, anapiga mustari mmoja, anaandika namba ya kweli pembeni, anaweka tarehe na sinyatire. Hapana kufuta, hapana kupasua ukurasa.

Jerani analipa kufuatana na kaye kubwa. Yeye haandiki kilo.

Komite ya uangalizi inachukua resi kumi kila juma, bila kuchagua, na kuzilinganisha na kaye.

Memba anachunga resi yake, na ako na haki ya kuonyeshwa mustari wake siku yoyote ya kazi.

Hii si mambo ya kizungu tu. Sheria ya OHADA juu ya koperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo inchi yetu inafuata tangu 2012, inaomba rejista ya wanamemba ikuwe kwenye makao ya koperative. Tena inatenganisha wale wanaoongoza na wale wanaoangalia.

Wageni wenye kuomba orodha

Siku hizi watu wanafika na telefone kuchukua GPS ya mashamba. Sababu iko: sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inaomba mnunuzi ajue fasi kahawa ao kakao ilitoka. Shamba lenye kupita hektari 4 linachorwa mipaka yote. Kwa lile dogo, pointi moja inaweza kutosha.

Ni vizuri kusaidia mnunuzi. Lakini si sekretere ao prezida peke yake anayetoa orodha. Komite ya usimamizi inaamua na kuandika: tunatoa nini, kwa nani, kwa kazi gani. Memba anaelezwa mbele, na koperative inabaki na kopi. Bila kopi, mwaka kesho mtamuomba mgeni habari za mashamba yenu wenyewe.

Tena, sekretere akihama, anarudisha kaye, funguo na namba ya siri ya telefone ya koperative mbele ya mashahidi wawili.

Kazi ya mkutano ujao

Chukueni karatasi, mchore nguzo tatu: nani anaandika, nani anakagua, nani anaruhusiwa kuona. Andikeni kila kaye na jina la mtu. Kama jina moja linaonekana kwenye nguzo mbili za kwanza kwa kaye ileile, badilisheni mbele msimu haujafunguka.

Yule mama alilipwa kilo zake 99 siku ya tatu. Tangu pale haachi mizani bila resi.