Usinifume Nikifumua

Wasee, kabla muanze kunicheka, wekeni simu chini mniskize. Mi ni wa Majengo. Si ile ya Pumwani, Nairobi, huko nilisoma tu miaka minne nikarudi na Sheng na deni ya kantini. Naongea Majengo ya Gisenyi, hapa Mbugangari, ukipiga chafya wasee wa Petite Barrière, pale mpaka wa Congo, wanakuambia "afya".

Miezi kadhaa nyuma nilibeba gunia yangu hadi kwa mama wa viazi pale kona. Mnaijua hiyo gunia. Inakaanga nyuma ya mlango wa keja, nyote mlidhani ni mchele, na kuna mmoja wenu aliikalia mechi nzima akisema imembamba kuliko kochi. Ni uzi. Yote.

Mama wa viazi ako na ule mzani wa ndoano. Akafungua gunia, akachungulia. Akanicheki mimi. Akachungulia tena.

"Weye, mutoto mwanaume, hizi ni nyuzi?"

"Ni nyuzi, mama."

"Za nani?"

Hapo nikanyamaza. Mzani ndio uliongea: kilo 11 na nusu.

Fanya hesabu na mimi. Beanie moja inakula kama gramu 100. So nyuma ya mlango wangu kuna kofia 115 hazijazaliwa, na mi niko na kichwa moja tu. Wazungu wa hii form wako na jina la huu ugonjwa, wanauita SABLE, herufi tano za kusema uzi yako imepita miaka umebakisha duniani. Mi niko 23. Mapema ndio best.

Hapo ndio niliapa: sinunui uzi tena hadi nione mshono wa chini wa hiyo gunia.

Sasa tuelewane lugha, ju hii story iko na kona. Kufuma ni kugeuza uzi ikuwe triko. Kufumua ni kurudisha triko ikuwe uzi. Kufumwa ni kushikwa live live ukifanya kitu haufai. Cheki vile hizo tatu zinakaa nyumba moja. Na Kinyarwanda ndio kali zaidi: kuboha ni kufuma, na ni kumfunga mtu kamba pia, na mfungwa anaitwa imbohe. Lugha mbili, na zote zimekubaliana hii kitu itanipeleka pabaya.

Na ile ya "mutoto mwanaume" tuimalize hapa hapa, ju wazee wa huu mtaa wanaimba hiyo wimbo moja kila siku kama kengele ya shule. Ulaya ya karne ya 16, kufuma soksi na kofia za bei ilikuwa kazi ya wanaume, wako na chama yao na mitihani yao. Na hapa hapa Rwanda, ile imigongo mnapigia picha kwa hoteli, zile michoro za samadi ya ng'ombe, sifa yake inaendea Kakira, mtoto wa mfalme Kimenyi wa Gisaka. Mtoto wa mfalme alikuwa anapamba ukuta na samadi. Mi nafuma bucket hat. Nani kati yetu anafaa kuelezewa?

Utauliza msee msoto kama mimi alitoa wapi kilo 11. Caguwa, bana. Nairobi tunaita mitush, huku ni caguwa, ni ile ile "chagua" imevalishwa Kinyarwanda. Na caguwa ya Gisenyi iko na history. 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mtumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu. Majirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamekubaliana kuzima mitumba pamoja, Marekani ikakohoa, wakarudi nyuma mmoja mmoja, Kenya ikitangulia. Rwanda ikakaza. 2018 Marekani ikaamka vibaya, ikaondolea nguo za Rwanda ile ruhusa ya kuingia kwao bila ushuru.

Hiyo siasa inaingiaje kwa story ya kofia? Inaingia hivi: sweta nzito ni kama gramu 400. Piga kwa dola 2 na nusu. Kila sweta inabeba dola moja ya ushuru kabla hata haijaguswa na muuzaji. Ndio maana kuna wasee wanajaribu bahati. Simama karibu na barrière saa saba mchana, jua linawaka hadi ziwa linakuumiza macho, utaona mtu anavuka kutoka Congo akiwa amenona ghafla. Amedunga sweta tatu. Jasho iko hadi kwa nyusi, na anajifanya anaskia baridi. Hao ndio abacoracora, na karao wa hapa hana mchezo nao. Mi siko huko. Mi nangoja zile zimelipiwa, zimekaa kwa meza hadi zikachokwa. Mikono mirefu kama ya sokwe. Paa wa barafu kwa kifua. Tundu kwa kiwiko. Muuzaji anataka iende, na mi sitaki sweta, nataka uzi iko ndani. Thao mbili, tunaachana kwa amani.

Skiza vizuri hapa, ju hapa ndio mafala wanapotezanga doo.

Usiangalie rangi. Geuza sweta ndani nje, cheki mshono wa ubavuni. Ukiona umekatwa na overlock, ule ukingo umezungushiwa nyuzi nyingi nyembamba, rudisha kwa meza na uende. Hapo kila mstari ni kipande kimekatwa, utafumua upate tambi. Unataka mshono umekaa kama mnyororo, unavuta uzi moja na ubavu wote unafunguka trrrrr kama zipu. Hiyo sauti, maze. Kuna watu wanalipia mziki.

Halafu anza juu, shingoni. Sweta nyingi zilifumwa kutoka chini kwenda juu, so zinafumuka kutoka juu kwenda chini. Ukianzia kwa pindo utavuta hadi usiku, uzi inakung'ang'ania tu. Inatoka imejikunja kama indomie. Usiikunje bonge hivyo, utafuma kofia iko na mawimbi. Zungushia uzi kwa mgongo wa kiti, funga mahali nne, osha na maji vuguvugu, tundika na chupa ya maji ikining'inia chini. Kesho yake imenyooka.

Hiyo ni kama ni sufu. Akriliki ni kichwa ngumu, haiskii maji, inataka mvuke. Na unajuaje ni gani? Unachoma. Kata kipande kama urefu wa kidole, washa kiberiti. Sufu inanuka nywele zimeungua, inazima yenyewe, inabaki jivu unasaga na vidole. Akriliki inayeyuka, inadondoka, inabaki kajiwe kagumu keusi. Nilifanya hiyo test mbele ya muuzaji mara moja, bila kumwambia. Alidhani nachoma meza yake. Nilichoma uzi, nikachoma na picha. Siku hizi naomba ruhusa.

Joke ni kwamba akriliki ni plastiki, mafuta ya petroli yamevutwa yakakuwa uzi. Rwanda ilipiga mifuko ya plastiki marufuku 2008, ukivuka na jualala inabaki pale barrière, lakini mi napita nimevaa plastiki kwa kichwa na askari ananiambia iko poa.

Na hiyo marufuku ndio ilinipa project ya kwanza ya kupunguza gunia. Filet. Ule mfuko wa neti wa kroshe, ukiwa mtupu unaingia kwa mfuko wa jeans, ukiujaza unameza kilo tano za viazi na bado unauliza kama kuna vitunguu. Unakula gramu 120 hivi. Nimefanya tisa. Mama wa viazi amenunua mbili, na bado anasema hii si kazi ya mwanaume. Mama, umebeba kazi ya mwanaume kwa bega.

Beanie zimeenda kumi na nne, Bigogwe peke yake ilibeba nane, ju huko juu baridi haiulizi umri. Huku chini kwa ziwa tuko mita 1,460 na kitu, mchana unajifanya Mombasa, saa mbili usiku upepo wa Kivu unakukumbusha uko wapi. Vipande vifupi, zile mita mbili mbili za rangi kumi, vyote vinaenda kwa granny square. Ndio, inaitwa mraba wa bibi, cheka umalize. Mraba mmoja usiku mmoja, rangi zikipigana ndio inanoga. Zikipatana sana unaonekana umenunua seti.

Seti! Wacha niseme hapa. Kama umedunga beanie, skafu na vest rangi moja, uzi moja, siku moja, hiyo si drip, hiyo ni uniform ya shule ya nasari. Noma ingine ni kuanza project saba ukimaliza sifuri. Mi niko na vest ilianza kabla ya Krismasi, mbele iko, mgongo hauko. Mbogi wameibatiza Soko la Gisenyi, ju ile soko ya kisasa ilisimama kuta tupu zaidi ya miaka kumi, watoto wakazaliwa wakaenda shule ikiwa bado "inakamilishwa". Iliniuma. Lakini vest bado haina mgongo.

Bei sasa. 2020 Harry Styles alidunga ile kardigan ya viraka ya JW Anderson, TikTok nzima ikachizi, kila mtu akashika sindano. Dukani ilikuwa zaidi ya dola 1,500. Piga kwa faranga: milioni mbili na chenji. Kwa viraka! Shosh yangu ako na viraka kutoka enzi ya Habyarimana na hakuna mtu ameleta kamera. Kitu moja nilipendea hiyo kampuni, waliachilia patani bure kila mtu ajifumie. Ndio nilijifunza nayo kusoma patani, na simu ya kuazima.

Ukitaka kulia karibu zaidi, panda basi hadi Musanze. Huko kuna Handspun Hope, wamama wanasokota merino kwa mkono, wanapaka rangi za mimea. Nilishika bonge moja. Laini kama shavu ya mtoto. Nikauliza bei, nikairudisha pole pole kama mtu anarudisha mtoto kwa mamake. Siwalaumu, hiyo ni mikono ya watu. Kroshe hasa haina mashine, kila kroshe umewahi kuona popote duniani ilifanywa na mtu ameinama. So ukiona top ya kroshe inauzwa bei ya soda mahali, jua kuna mtu mahali alilipwa kifuniko ya soda.

Sasa nifike penye nimekwama.

Gunia imeshuka. Mama wa viazi alipima Jumanne, kilo 8. Lakini nataka kumaliza bucket hat ya mwisho ya order, ya dem moja wa Rugerero, na anataka ukingo mweupe. Pamba, si akriliki, anajua kuchoma. Na gunia nzima haina pamba nyeupe hata ya kufunga jino. Na niliapa sinunui.

Mnajua nyumba ya shosh. Kochi iko na vitambaa. Meza iko na kitambaa. Radio iko na kitambaa, friji iko na kitambaa, kitambaa kiko na kitambaa. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotapika na ardhi ikatetemeka siku baada ya siku tukawa tunalala nje, shosh alitoka ndani na vitu viwili: blanketi yake ya kroshe, na kitambaa cha TV. Vitambulisho viliachwa. Huyo ndio mtu hawezi kukuazima sindano ikishaingia giza, ati mkosi. Utafanya nini na huyo mtu?

Shosh ameenda harusi Kigali. Kitambaa cha TV ni pamba safi, nyembamba, nyeupe ya kuzeeka, inakaa cream. Jana usiku nilitafuta lile fundo la mwisho kwa ukingo, nikalipata na pini, nikavuta. Trrrrr.

Nilifikiria nitatoa raundi mbili tu za nje, hakuna mtu ataona. Ukingo wa kofia ukataka tatu. Halafu nne. Nimefika kwa mananasi, ule mtindo wa nanasi, kila moja imekaa kwa mwenzake kama tofali, na sasa ziko uchi, zinajifungua zenyewe nikipumua. Nimecheki video nne za kuzirudisha. Nimejaribu. Nanasi yangu inakaa parachichi.

Shosh anarudi Jumapili na basi ya saa nane. Leo ni Ijumaa. Kama uko na pamba nyeupe, ile ya kuzeeka kidogo, au kama shosh yako anajua mananasi na anaweza kufunga mdomo, nipitie keja. Pita mlango wa nyuma. Na ukikutana na mama wa viazi, hujaniona.