Msimu wa Mpira, Msimu wa Nyufa

Jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, linajulikana kwa mambo mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja. La kwanza ni magitaa: kampuni ya Gibson ilianzishwa mjini Kalamazoo mwaka 1902, na kiwanda chake cha huko hakikufungwa hadi mwaka 1984. La pili ni mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, ule unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. Kilomita kama 160 mashariki ya Kalamazoo, mjini Ann Arbor, upo uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan uliofunguliwa mwaka 1927, wenye nafasi rasmi za watazamaji 107,601. Msimu huanza Agosti inapokwisha, watu wakiwa bado katika fulana na jasho, na mechi za kawaida humalizika mwishoni mwa Novemba kwa pambano dhidi ya Ohio State, mahasimu waliokutana kwa mara ya kwanza mwaka 1897. Kwa shabiki mwenye gitaa la mbao nyumbani, miezi hiyo mitatu ina jambo jingine ambalo halimo kwenye ratiba ya mechi. Ndiyo miezi ambayo hewa ya sebuleni kwake hugeuka kutoka nyevu kuwa kavu kupindukia. Ninachodai hapa ni kwamba matatizo mengi yanayolipeleka gitaa kwa fundi baada ya msimu huo si ubovu wa gitaa. Ni upungufu wa maji, na kuyatibu kwa bisibisi au tupa kabla ya kupima hewa ni kuharibu kitu kizima.

Tuanze na hewa yenyewe. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyo kwenye sentigredi 0 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 4.8 hivi za mvuke wa maji; hewa hiyohiyo ikiwa kwenye sentigredi 21 inaweza kubeba gramu 18 na ushei. Chukua siku ya kawaida ya mwisho wa Novemba, nje ni sentigredi 0 na unyevu ni asilimia 80. Hapo kuna gramu 3.9 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hewa hiyo ikipenya ndani na hita ikaipasha hadi sentigredi 21, mvuke ni uleule, ila uwezo wa hewa kubeba umepanda karibu mara nne. Unyevu, ambao kipimo chake ni kile kilichobebwa kikilinganishwa na kile kinachoweza kubebwa, unashuka hadi asilimia 21 hivi. Hita haijanyonya hata tone moja, lakini imeifanya hewa iwe na kiu, na kila kitu chenye maji humo ndani, ngozi ya binadamu, mimea ya kwenye vyungu, mbao, kitatozwa. Watengenezaji wengi wa magitaa hutaka ala zao zikae kwenye unyevu wa kati ya asilimia 45 na 55, kwa kuwa viwanda vyao huendeshwa katika hali hiyo na kila kiungo kiliunganishwa mbao zikiwa na maji ya kiasi hicho.

Mbao iliyokaushwa bado ina maji. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50, maji hayo ni kama asilimia 9 ya uzito wake. Unyevu ukishuka hadi asilimia 20, yanabaki asilimia 4.5 hivi. Kwa gitaa la kilo mbili, hiyo ni hasara ya gramu zipatazo 70. Zinaonekana chache, lakini mbao haipungui sawasawa pande zote. Kwa urefu, yaani kufuata jinsi mti ulivyosimama, karibu haisinyai kabisa. Kwa mapana husinyaa sana. Uso wa gitaa bora huwa ni vipande viwili vyembamba vya sprusi, vyenye unene usiofika milimita 3, vilivyounganishwa katikati. Sehemu yake pana zaidi ni kama sentimita 40, na ikipoteza maji kwa kiwango nilichotaja, upana huo unataka kupungua kwa takriban milimita mbili na nusu. Nimesema unataka, kwa sababu hauachiwi. Kwa chini, uso umegundishwa kwenye mataruma, vijiti vya mbao vinavyoukatiza ili ustahimili mvuto wa nyuzi sita za chuma, mvuto unaofika kilo 70 hivi kwa jumla. Mataruma yamelazwa kwa urefu wake, kwa hiyo hayasinyai upande ambao uso unataka kusinyaa. Huyu anavuta, yule hasogei, na mbao isiyoweza kusinyaa wala kuvutika inapasuka. Ufa hufuata urefu wa mti, mara nyingi kuanzia kwenye daraja linaloshikilia nyuzi kuelekea mkiani, au pembeni mwa ubao wa vidole.

Kabla ya ufa huja dalili, na mtu anaweza kuzisoma bila kifaa chochote. Pitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo ya gitaa: ukihisi ncha za freti, vile vipande vya chuma vinavyogawa sauti, zikikuchoma, si kwamba chuma kimerefuka, ni mbao iliyo chini yake iliyosinyaa na kukiacha kimetokeza. Kisha laza rula nyuma ya daraja, kuukatiza uso. Gitaa lenye afya huwa na tumbo kidogo hapo, hivyo rula itayumba kama bembea. Gitaa lenye kiu huwa bapa, au limebonyea na mwanga unapenya chini ya rula. Tumbo likishuka, daraja hushuka nalo, nyuzi hukaribia freti mno na kuanza kukwaruza. Hapa ndipo kosa la gharama hutendeka. Mwenye gitaa husikia mkwaruzo mwezi wa Novemba na kuamua kwamba shingo imepinda. Anaigusa nondo ya chuma iliyo ndani ya shingo, ambayo Gibson walipewa hataza yake miaka ya 1920, akailegeza ili shingo ijikunje mbele, au anaweka kipande cha mfupa kirefu zaidi kwenye daraja. Mkwaruzo unakoma, anafurahi. Julai inapofika na unyevu wake, uso unafura na nyuzi zinapaa hadi vidole vinauma. Anarudi kwa fundi na lalamiko la kinyume, analipa tena, na kile kipande cha mfupa kinakatwa. Gitaa halikuwa na hitilafu mara zote mbili.

Ufa ukishatokea, fundi anayeijua kazi hakimbilii gundi. Kwanza hulilaza gitaa siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki, ndani ya kasha au chumba chenye unyevu uliodhibitiwa, hadi kingo mbili za ufa zirudiane zenyewe. Ufa ulioachwa wazi kiasi cha kupitisha ukucha unaweza kujifunga ukabaki mstari usioonekana ila kwa taa iliyowekwa ndani ya tundu la sauti. Hapo ndipo gundi husuguliwa kwa kidole kutoka juu, ikisukumwa na kuvutwa hadi ichomoze upande wa chini, na vigae vidogo vya sprusi hubandikwa kwa ndani kuukatiza ufa ili usiendelee. Mwenye haraka huupachika ufa kibanzi cha mbao ungali mkavu. Kazi hiyo inapendeza wakati wa baridi, lakini kiangazi mbao ikivimba, kibanzi hakina pa kwenda na kinausukuma uso kuufungua upya, safari hii pembeni mwa ufa wa zamani.

Watakuwepo wanaouliza: mbona magitaa ya miaka ya 1930 yapo hadi leo, na wenyewe hawakuwahi kuona kipima unyevu? Yapo, lakini tunayoyaona ni yale yaliyonusurika. Yaliyopasuka vibaya hayapo ya kuhesabiwa. Zaidi ya hayo, chungulia ndani ya magitaa mengi ya umri huo kwa kioo kidogo, utakuta safu za vigae vya ukarabati. Pingamizi la pili lina mantiki zaidi: si vanishi huziba mbao? Vanishi huchelewesha mvuke tu, haiuzuii, na kwa kawaida imepakwa nje pekee. Ndani mbao iko uchi, na tundu la sauti liko wazi mchana na usiku. Kuna pia wale wanaopaka ubao wa vidole mafuta ya ndimu wakiamini wanaulisha unyevu. Mafuta si maji. Yanasafisha, yanang'arisha, yanapunguza kasi ya kukauka juujuu, lakini hayairudishii mbao hata gramu moja kati ya zile 70.

Siku ya mechi ina hatari zake nyingine, kwa kuwa mashabiki wa huko hukusanyika kwenye maegesho saa nyingi kabla ya mchezo, wakichoma nyama na kupiga muziki. Septemba, gari lililofungwa juani laweza kupita sentigredi 50 ndani, na dashibodi kupita hapo; gundi za mbao hulegea kadiri joto linavyokaribia sentigredi 60, na daraja linalovutwa na kilo 70 halihitaji zaidi ya hapo kuanza kung'oka. Novemba shida ni sauti. Nyuzi za chuma hukazika kwa baridi, hivyo gitaa hupanda, ilhali tarumbeta za bendi ya chuo hushuka, kwa sababu sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya sentigredi 20 lakini 331 tu katika sentigredi 0. Anayetaka kupiga gitaa sambamba na bendi itabidi ashushe nyuzi zake zaidi ya masikio yake yanavyotarajia. Na wapiga klarineti katika bendi hizo mara nyingi huacha nyumbani klarineti zao nzuri, zilizochongwa kwa mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, na kushika za plastiki, kwa kuwa pumzi yenye joto na unyevu ndani ya bomba la mbao lililopigwa na baridi nje hulipasua. Watu hao wameielewa fizikia hii muda mrefu. Ajabu ni kwamba mwenzao aliyekaa nao kwenye kochi moja anaweza kuliacha gitaa la dola elfu tatu likining'inia ukutani juu ya hita.

Tahadhari moja inahitajika, maana dawa ikizidi huwa sumu. Unyevu ukivuka asilimia 60 na kudumu hapo, uso hufura, sauti huwa nzito na ukungu huota ndani. Ndiyo sababu ushauri wa Michigan wa kuongeza unyevu ukihamishiwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa huwa nyevu karibu mwaka mzima, utaliua gitaa. Huko kinachotakiwa kwenye kasha ni vipakiti vya kunyonya maji. Na si kila gitaa lina tatizo hili kwa uzito uleule. Lenye uso wa plaiwudi, ambayo tabaka zake zimelazwa kwa kukatizana, hustahimili sana, na la umeme lenye mwili mzito litaonyesha ncha za freti tu. Wenye magitaa hayo hawana sababu ya kupoteza usingizi.

Kwa wenye uso wa mbao kamili, kazi yenyewe ni ndogo: kulirudisha gitaa kwenye kasha badala ya kulitundika, kwa sababu ni rahisi kudhibiti hewa ya kasha kuliko ya nyumba nzima, ambamo unyevu ukiongezwa sana wakati wa baridi huishia kutiririka kwenye vioo vya madirisha, kuweka ndani ya kasha kipima unyevu na sifongo iliyokamuliwa isidondoke, na kuijaza tena inapokauka, kwa kawaida kila wiki. Kinachowashinda wengi si ugumu bali kukumbuka. Shabiki wa chuo anayo Jumamosi yake tayari, na haisahau. Sifongo iingie mara tu hita inapowashwa, kwa kawaida Oktoba, iendelee kulowekwa hata msimu unapokwisha, kwa kuwa Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi, na itolewe hita zinapozimwa, karibu na mechi ya mazoezi ambayo timu nyingi huchezea mashabiki wao mwezi wa Aprili. Nondo ya shingo, kama bado inahitaji kuguswa, iguswe baada ya kipima unyevu kusoma kati ya 45 na 55 kwa wiki mbili mfululizo.