Kikombe cha Samunge na ujumbe wa simu: Tusimwage dawa kabla ya kupima

Anayesimama Mbulumbulu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa wilayani Karatu, huiona chini yake nchi tambarare ya Selela na Engaruka. Juu alipo kuna baridi na mashamba ya ngano, maharage na mbaazi, na nyuma yake umetanda msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Chini kuna joto, vumbi, na njia itokayo Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron na Loliondo. Mwaka 2011 njia hiyo, iliyozoea mifugo kuliko magari, ilijaa mabasi, malori na magari ya kukodi yaliyobeba wagonjwa. Wengine walipanda kupitia Karatu na lango la Ngorongoro. Wote walikuwa na safari moja: kufika kijiji cha Samunge na kunywa kikombe.

Wasomaji wenye umri watakumbuka. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo, alieleza kuwa ameoteshwa dawa itokanayo na mizizi ya mti uitwao mugariga. Kikombe kilikuwa kimoja tu, kwa shilingi 500, na kilisemwa kuwa kinaponya ukimwi, kisukari, saratani, shinikizo la damu na pumu. Waliokwenda walikuwa watu wa dini zote na wa kila hali, kuanzia mkulima aliyeuza mbuzi wake apate nauli hadi kiongozi aliyeshuka kwa helikopta. Mwishoni mwa Machi foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba Mwasapile mwenyewe aliomba watu wapya wasije hadi ipite tarehe 1 Aprili, ili waliokwisha kufika wahudumiwe kwanza. Wakati huo iliripotiwa kuwa watu 52 walikuwa wamefariki dunia wakingoja zamu yao. Miongoni mwa wagonjwa waliofanya safari hiyo walikuwamo walioondolewa na jamaa zao katika vitanda vya hospitali.

Mwasapile alifariki dunia Julai 2021, na makala hii haikuandikwa kumhukumu. Mambo ya nafsi yako kwa Mola. Tunairejea habari ile kwa sababu ilitokea jirani na kwetu, na kwa sababu somo lake bado halijatukaa vyema.

Mti wenyewe haukuwa na kosa

Mugariga si mti wa ajabu. Wamasai huuita olamuriaki, na kwa Kiswahili wengine huujua kwa jina la mtandamboo. Ni kichaka chenye miiba na matunda madogo meusi ambayo watoto wachungao mbuzi huyala. Wazee wa jamii za kifugaji wamechemsha mizizi yake katika supu tangu zamani. Wataalamu wa serikali walipoichunguza dawa ya Samunge waliutambua mti huo, na hawakuona kuwa kikombe kile ni sumu kwa mnywaji.

Basi madhara yalitoka wapi? Yalitoka katika kile ambacho watu walikiacha baada ya kunywa. Wapo waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, wakaziweka kando kwa kuamini kuwa wamekwisha kupona. Wapo wenye kisukari waliorudi kwenye chai yenye sukari, na wenye shinikizo la damu waliotupa vidonge. Kikombe hakikuwadhuru. Kilichowadhuru ni kumwaga dawa yao kabla ya kurudi kupima.

Foleni imehamia simuni

Leo hakuna haja ya kupanda basi kwenda Samunge. Kikombe huletwa mpaka kitandani, alfajiri, katika kundi la WhatsApp la ukoo au la majirani wa msikitini. Ujumbe mmoja unasema kuwa kitunguu saumu, limao na tangawizi vikichemshwa pamoja huzibua mishipa ya moyo. Mwingine unadai kuwa majani ya mstafeli huua saratani kuliko matibabu ya hospitali. Wa tatu unaahidi kuwa habasoda na asali vitaondoa kisukari ndani ya siku kadhaa. Mara nyingi mwisho huwa uleule: sambaza kwa unaowapenda, upate thawabu.

Tuseme kweli: makundi haya yana kheri nyingi. Mama aliye Lositete au Upper Kitete, ambaye wakati wa masika njia ya kushuka Karatu humwia ngumu kwa tope, hupata humo faraja, dua na ushauri wa dada zake. Nauli ni ghali, na foleni ya zahanati huchosha. Anayemtumia jirani habari ya dawa ya mitishamba, mara nyingi hufanya hivyo kwa mapenzi. Hata hivyo, mapenzi hayageuzi habari isiyo na hakika kuwa ya kweli.

Kwa nini ushuhuda hutudanganya

Mtu husema, "Mimi nilikunywa nikapona," na hasemi uongo. Lakini ushuhuda una mapengo matatu ambayo msikilizaji hayaoni.

La kwanza, maradhi mengi huondoka yenyewe. Mafua, kuhara kwa kawaida na maumivu ya mgongo mara nyingi huisha bila dawa. Chochote alichokunywa mgonjwa siku ya tatu kitapewa sifa ya kupona kwake siku ya nne.

La pili, yapo maradhi yanayonyamaza bila kuondoka. Shinikizo la damu laweza kupanda kupita 140 kwa 90 miaka mingi huku mwenyewe akijiona mzima, mpaka siku apatwapo na kiharusi. Aliyeacha dawa za kufubaza virusi huweza kujihisi mwenye nguvu kwa muda, na hata kushukuru kwa kuondokana na kichefuchefu cha vidonge, ilhali virusi vilivyojificha mwilini vinaanza kuzaana upya ndani ya wiki chache. Ushuhuda wake huandikwa katika wiki hizo. Miezi ya baadaye haisimuliwi.

La tatu ndilo zito zaidi: aliyefariki hatoi ushuhuda. Katika kundi la simu tunasoma habari za waliosalia tu. Wale 52 wa mwaka 2011 hawakurudi nyumbani kusimulia.

Dini yetu imetufundisha nini

Hapa baadhi ya ndugu huona uzito, kwa kudhani kuwa kuihoji habari ya asali au habasoda ni kuihoji dini. Sivyo. Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nahl, imetaja kuwa ndani ya asali mna ponyo kwa watu, na hadithi za Mtume (s.a.w.) zimeisifu habasoda. Muumini hayatilii shaka hayo. Ila kusema kuwa kijiko fulani, kwa siku fulani, kinamtosheleza mgonjwa fulani wa kisukari aache sindano yake ya insulini, hilo ni dai la mwandishi wa ujumbe. Halimo katika aya wala katika hadithi.

Imepokewa kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w.) alimzuru, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif kwa kuwa alikuwa mtu anayejua utabibu, na papo hapo akataja tende saba za ajwa ziwe sehemu ya tiba yake. Tuyaangalie mambo hayo mawili jinsi yalivyokaa pamoja: tende na tabibu. Hakuna lililofuta jingine.

Imepokewa pia katika Sunan Abi Dawud kuwa mwenye kujitia utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo anabeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Wanazuoni waliizungumza hukumu hii kwa waganga wa zama zao. Sisi wa zama za simu tuna haki ya kujiuliza: anayesambaza dawa kwa watu 200 kwa kubonyeza mara moja, amejitia wapi? Na Surat Al-Hujurat, katika aya ya 6, imeamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Habari ya dawa ndiyo inayostahiki zaidi uchunguzi huo.

Waislamu hawakuwa wageni katika uchunguzi wa namna hii. Karibu miaka 1,000 iliyopita, Ibn Sina, katika kitabu chake cha Al-Qanun, aliweka masharti ya kuijaribu dawa. Alitaka ijaribiwe katika ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, athari yake ionekane mara kwa mara na kwa watu wengi, na ijaribiwe kwa binadamu, kwa kuwa kinachomfaa mnyama huenda kisimfae mtu. Kwa mizani ya Ibn Sina, ushuhuda wa mtu mmoja haukutosha hata zama hizo.

Mmea unapopita katika mizani

Miti inaponya, na hospitali zenyewe zinajua. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati, iliyoanza kutumika rasmi Tanzania Bara mwaka 2006, ina kiini kilichotokana na mmea wa artemisia uliotumiwa na Wachina kwa karne nyingi. Mtafiti Tu Youyou alikitoa kiini hicho katika miaka ya 1970, akakipima, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halishauri kunywa chai ya majani ya artemisia kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha kiini katika chai hakijulikani, na dozi pungufu huweza kuwaacha vimelea hai na kuwazoesha dawa. Mmea ni uleule; tofauti imeletwa na kipimo.

Kwetu Tanzania tiba asili haikuachwa nje ya sheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na kusimamia kazi zao, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kina Taasisi ya Tiba Asili inayochunguza mimea yetu. Mganga mkweli hana sababu ya kuogopa kuulizwa cheti chake cha usajili.

Ya kuzingatia nyumbani

Kwa familia, tunaweka nasaha chache.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali. Asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumulia. Sunna ya tahniki imepokewa kwa tende, kwa hiyo hakuna haja ya kuitafutia asali.

Mama mjamzito asinywe dawa za miti za kuongeza uchungu. Mfuko wa uzazi huweza kupasuka, na safari ya usiku kutoka vijiji vya mlimani hadi hospitali ni ndefu kwa mama anayevuja damu.

Mwenye kisukari akumbuke kuwa asali nayo ni sukari. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya kula kitunguu saumu au tangawizi kwa wingi kama dawa. Wazazi na wazee wetu wenye maradhi ya figo wasinywe mizizi iliyochemshwa bila kuuliza.

Anayetaka kutumia mitishamba asimfiche mhudumu wa afya. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kufokewa. Tunawaomba nao wahudumu wapokee maelezo hayo kwa upole, kwani mgonjwa aliyefokewa leo atanyamaza kesho.

Kabla ya kusambaza ujumbe wa dawa, jiulize: ni nani aliyesema, na anajulikana kwa elimu ipi? Umetaja kiasi na madhara, au sifa tupu? Unadai kutibu maradhi kumi kwa kikombe kimoja? Unamtaka mtu aache dawa yake? Na mwenye kuutoa anauza kitu? Ukiona unamtaka mgonjwa aache dawa, usiusambaze kabisa.

La mwisho, aliyejiona amepona aende kupima kabla hajaacha chochote. Kipimo cha damu, cha sukari au cha presha hakimvunjii mtu imani yake. Kama kweli Mwenyezi Mungu amemponya, kipimo kitaonyesha, naye atamshukuru kwa yakini.

Leo vumbi la magari ya mwaka 2011 limetulia chini ya ukingo wa Mbulumbulu, na njia ya Engaruka imerudi kwa mbuzi na ng'ombe wake. Lakini katika nyumba nyingi za juu, na za mijini pia, kuna mama au baba ambaye usiku huu anasoma ujumbe huku kikopo cha vidonge kikiwa mkononi, akijiuliza kama akitupe. Mpigie simu ndugu yako huyo. Mwambie anywe chai yake ya tangawizi akipenda, amuombe Mola wake, na ameze kidonge chake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa wenye kunufaishana wala si kudhuriana. Amin.