Zaburi Zilizobadilishwa Jina

Nakala ya muziki wa kale wa kanisa ikiwa na jina la mtunzi jaladani, msomaji huona neno limekwisha. Mimi nasema jina hilo ndilo shahidi dhaifu kuliko wote, na nakala zilizohifadhiwa Dresden, Ujerumani, zinanipa nguvu ya kusema hivyo. Zaburi tatu zilizouzwa huko kwa jina la Baldassare Galuppi leo zinatambuliwa kuwa za Antonio Vivaldi: Beatus vir, Nisi Dominus na Dixit Dominus. Hizi mbili za mwisho zilitambuliwa na mtafiti Janice Stockigt wa Australia, mwaka 2003 na 2005. Nakala zilitoka Venice, kwenye karakana ya Iseppo Baldan, padri aliyeishi kwa kunakili na kuuza muziki. Vivaldi alikuwa amefariki mwaka 1741, akiwa maskini na amepitwa na wakati. Galuppi alikuwa akitafutwa kila mahali. Anayeghushi bidhaa haibandiki chapa isiyouzika, kwa hiyo swali la kwanza mbele ya jina lolote ni nani aliyefaidika nalo.

Tukishaliweka jina kando, muziki wenyewe una mengi ya kusema. Nisi Dominus inadai ala za ajabu: viola d'amore, salmoè ambayo ni ndugu mkubwa wa klarineti, na fidla iliyorekebishwa ilie kama tromba marina. Mkusanyiko wa namna hiyo haukupatikana katika kila kanisa. Unatupeleka moja kwa moja Pietà, nyumba ya Venice iliyolea watoto wa kike walioachwa na kuwafunza muziki, ambako Vivaldi alifundisha na kutunga kwa miaka mingi. Kwangu mimi ushahidi huu una uzito kuliko sifa za mtindo, maana mtindo huigwa na mwanafunzi yeyote mwenye sikio, lakini hakuna anayetunga kwa ajili ya ala asizo na mtu wa kuzipiga.

Ushahidi mwingine ni vipande vya muziki wa zaburi hizi vinavyojirudia katika kazi za Vivaldi zilizopo Turin, nyingi zikiwa kwa mkono wake. Hapa pana pingamizi zito. Vivaldi mwenyewe aliazima: fuga inayofunga Gloria yake maarufu, RV 589, msingi wake ni kazi ya Giovanni Maria Ruggieri ya mwaka 1708. Basi wimbo kufanana na wimbo hakutoshi kumtaja mwenyewe, na anayetegemea hilo peke yake anaweza kumvika Vivaldi kanzu ya mwenzake. Nakubali. Lakini katika Nisi Dominus hatuna shahidi mmoja. Ala zinaelekeza Pietà, vipande vinavyojirudia vinaelekeza kwa Vivaldi, na mnakili yule yule alikwisha kubadilisha jina kwenye Beatus vir. Mashahidi hawa hawategemeani. Ili wote wawe wamekosea, ingebidi kila mmoja akosee kwa sababu yake, na bado wote waangukie mtu mmoja.