Chipukizi linaonekana zima, lakini je, lina mnyauko? Tuelewe kipimo cha vinasaba

Mkulima wa Chonyonyo akitaka kupanua kibanja, mara nyingi humwomba jirani machipukizi. Tangu mnyauko wa migomba, au unyanjano, uingie Kagera katikati ya miaka ya 2000, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001, zawadi hiyo inaweza kuleta ugonjwa shambani.

Kwa nini macho hayatoshi?

Unyanjano huletwa na bakteria. Majani hunyauka na kuwa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa za kahawia, na shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Lakini bakteria huweza kukaa ndani ya mgomba kwa wiki au miezi kabla ya dalili hizo kuonekana.

Kipimo kinafanyaje kazi?

Kila kiumbe kina vinasaba vyake. Maabara husaga kipande cha mgomba, hutoa vinasaba vilivyomo, kisha huongeza vipande vifupi vinavyonasa vinasaba vya bakteria huyo tu. Mashine hupasha mchanganyiko hadi nyuzi joto 95 hivi, kisha huupoza, tena na tena. Kila mzunguko, nakala huongezeka maradufu: 1 huwa 2, 2 huwa 4. Baada ya mizunguko 30, nakala moja inaweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Hivyo hata bakteria wachache hugundulika. Njia hiyohiyo hutumika kutafuta salmonela kwenye nyama, mayai na maziwa.

Kina mipaka?

Ndiyo. Huonyesha hali ya kipande kilichopimwa tu, na huweza kunasa hata bakteria waliokwisha kufa. Kwa kuwa kinahitaji maabara, kinafaa zaidi kupima mashina mama yanayotoa miche kwa wakulima wengi.

Nasi kibanjani tufanye nini?

- Tuchukue machipukizi kwenye kibanja ambacho hakijawahi kuugua.
- Tuvunje ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara kichana cha mwisho kinapotoka. Wadudu hubeba bakteria kupitia ua hilo.
- Tupitishe panga motoni au tulioshe kwa jiki kabla ya kuhamia shina jingine.
- Mgomba wenye dalili tuukate chini kabisa, usawa wa ardhi.

Ukiona dalili, mwite afisa ugani wa kata mapema, kabla panga halijapita kibanja kizima.