Bunduki ya Michezo na ya Kuwinda katika Sheria ya Kiingereza

Wengi wetu tumesikia kwamba Waingereza hupenda sana kuwinda, na kwamba mwenye shamba huko hutoka asubuhi na mbwa wake, bunduki begani. Neno hilo ni kweli. Lakini yafaa tujue ya kuwa bunduki ile si yake kwa sababu ya fedha alizolipa dukani tu. Anayo kwa idhini ya polisi, na idhini hiyo yaweza kuondolewa.

Leo twataka kueleza jinsi idhini hiyo ipatikanavyo katika Uingereza yenyewe, Wales na Uskoti. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake mbali, nayo hatutaigusa.

Sheria ya mwaka 1920 ndiyo iliyomwagiza kila mwenye bastola au raifeli apate cheti kwa mkuu wa polisi wa jimbo lake. Bunduki ya marisau, iliyo chombo cha mkulima, iliachwa nje mpaka mwaka 1968. Sheria kuu itumikayo hata sasa ni ya mwaka huo, ingawa imetiwa viraka vingi.

Basi vyeti ni viwili, na sababu yake iko ndani ya mtutu. Mtutu wa bunduki ya marisau ni laini, nao kisheria haupungui inchi 24. Marisau yake hutawanyika na kuanguka karibu. Mtutu wa raifeli una michirizi iizungushayo risasi, na risasi hiyo yaweza kwenda zaidi ya maili moja. Kwa hiyo cheti kimoja cha marisau chatosha bunduki kadha wa kadha, bali katika cheti cha raifeli huandikwa kila bunduki, na hesabu ya risasi ambazo mtu aruhusiwa kununua na kuweka. Vyeti vyote viwili hudumu miaka 5.

Atakaye raifeli huulizwa: Waitakia nini? Jibu jema ni kuwinda, mathalani ayala walao miche ya miti, naye aonyeshe kwamba ana ruhusa ya mwenye ardhi. Au kulenga shabaha katika chama kilichokubaliwa na serikali. Akijibu kwamba aogopa wezi, hapati. Tangu mwaka 1946 serikali ilisema wazi kwamba kujilinda nyumbani si sababu ya kutosha. Mgeni hushangaa asikiapo hayo, maana kwingi duniani hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Kisha mtu mwenyewe hupimwa. Aliyepata kufungwa miaka 3 au zaidi hawezi kushika bunduki maisha yake yote. Askari huenda nyumbani kwake kutazama kabati la chuma, na kufuli yake. Hata mkewe, kama hana cheti, hapaswi kujua ufunguo ulipo. Twafikiri nyumba nyingi zimeudhika kwa neno hili, lakini ndivyo ilivyo.

Ukali huu ulikuja kwa misiba. Mwaka 1987, katika mji wa Hungerford, mtu mmoja aliua watu 16. Mwaka uliofuata raifeli kubwa zijipakiazo zenyewe zikakatazwa. Tarehe 13 Machi 1996, huko Dunblane katika Uskoti, mwingine aliingia shuleni akaua watoto 16 na mwalimu wao. Wauaji wote wawili walikuwa na vyeti halali. Hapo ndipo bastola zilipokatazwa karibu zote, kwa sheria mbili za mwaka 1997, hata kwa wachezaji wa shabaha. Nao walihitaji ruhusa ya pekee ili washindane nchini mwao katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012. Na mwaka 2021, katika mji wa Plymouth, watu 5 waliuawa na mtu ambaye polisi walikuwa wamemnyang'anya bunduki ya marisau, kisha wakamrudishia. Tangu mwaka huo polisi hutaka kwanza habari kutoka kwa daktari wa mwombaji.

Hata mwenye cheti hapigi apendavyo. Ndege aitwaye fezanti huwindwa tangu tarehe 1 Oktoba mpaka 1 Februari. Na katika Uingereza na Wales ndege wa jamii hiyo hawapigwi siku ya Jumapili wala ya Krismasi. Mnyama wa mwitu aliye hai hana mwenyewe, lakini haki ya kumpiga hufuatana na ardhi. Apitaye mpaka wa shamba na bunduki bila ruhusa amevunja sheria, hata kama hakufyatua.

Bunduki ikipotea au ikiibiwa, polisi waarifiwe kabla siku 7 hazijapita. Na mwenye cheti akifa, mwanawe hairithi bunduki hivi hivi kama ng'ombe au jembe: sharti apate cheti chake mwenyewe, ama bunduki iuzwe kwa mfanya biashara aliyeandikishwa, ama ipelekwe kwa polisi.